Viti Visivyotazamana

Jumamosi, 1 Oktoba 2005

Leo mkuu wetu wa posta ameniambia nina UKIMWI. Hakutamka hivyo, ila ndivyo nilivyosikia.

Aliniita ofisini baada ya kufunga. Mezani kwake zilikuwapo barua kumi na nne. Nilizichambua mimi asubuhi, na zote nilizitia kwenye sanduku moja, sanduku ambalo halina mwenyewe tangu mwaka jana. Sikumbuki kuzitia humo.

"Hashimu," alisema Mama Elizabeti, "miaka kumi na moja hujakosea hata bahasha moja. Tangu msiba wa mkeo hunyoi, huli, unashika barua moja robo saa nzima. Nina rafiki yangu amefungua chumba kule Shangani. Anatoa ushauri nasaha. Nenda ukamwone."

Hapa Mtwara ushauri nasaha ni kitu kimoja tu: unakaa kwenye benchi, unatolewa damu, unasubiri, unaambiwa.

"Mama, nani kasema?"

"Kasema nini?"

"Kwamba ninao."

Akashika kichwa. "Yesu wangu! Sijasema hivyo. Huyu anashughulika na majonzi. Unakwenda, unazungumza, anakusikiliza."

"Halafu?"

"Halafu unamlipa."

Nilidhani ni utani, maana yeye hutania bila kucheka. Hakuwa anatania. Akanipa namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, na daftari hili ambalo panya walishatafuna pembe. "Na uwe unaandika andika," alisema.

Jumapili, 2 Oktoba

Mwanangu Shamimu ameniuliza kwa nini naandika kama mwalimu. Nimemwambia nasahihisha makosa ya watu wazima. Ana miaka saba, amekubali.

Jumatano, 5 Oktoba

Tumeanza kufunga. Nimekuna nazi ya futari mwenyewe. Marehemu mke wangu, Zuhura, alikuwa akikaa upande kwenye mbuzi ya kukunia, mguu mmoja ameunyoosha, na kila nazi ya kwanza alikula kipande kabla ya kuikuna. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akikisahau na kukitia mdomoni, kisha anakitema anacheka.

Uji nimeukoroga vibaya. Shamimu kasema una mabonge. Kuna jambo lilinijia kichwani aliposema hivyo, likapotea kabla sijalishika.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimekwenda. Nilipita mbele ya lango mara mbili kama mwizi. Pana bango la bati, herufi nyekundu: USHAURI NASAHA. KWA MIADI. Mtu yeyote anayekwenda ufukweni analisoma. Jirani yangu wa Likombe, Modesta, alikuwa anatoka huko na ndoo ya dagaa. Kaniona nikiingia. Kanipungia mkono, kisha mkono ukashuka polepole.

Chumba kiko uani, kidogo, kina pazia la kijani. Nilidhani nitamkuta bibi mtu mzima. Nimemkuta mwanamke wa umri wangu, ana miwani, hana koti jeupe. Nilitafuta sindano kwa macho kila mahali.

Kilichonishtua kwanza ni viti. Viko viwili na havitazamani. Vimewekwa mshazari, vyote vinaelekea dirishani, kama mtu na mama mkwe wake. Kwetu hamtazamani usoni na mama mkwe. Mmoja anakaa ndani na mwingine kibarazani, maneno yanapita mlangoni. Nilitaka kumwuliza kama na kwao ni hivyo.

"Karibu, Bwana Hashimu. Mimi naitwa Beatrice. Niite Beatrice."

"Mama nani?"

"Beatrice tu."

Nitamwitaje mke wa mtu jina kavu hivyo? Saa nzima sikumwita chochote.

Akanisomea karatasi. Nitakayosema humu yatabaki humu. Mama Elizabeti hatajua, ingawa ndiye aliyenituma. Hata kwamba nimekuja hatamwambia mtu. Isipokuwa akiona nataka kujidhuru, au mtoto yuko hatarini. Hapo atatafuta msaada, na mimi atanieleza kwanza. Kisha, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama natia sukari kwenye chai:

"Umewahi kuwaza kujiua?"

Nilisema astaghfirullah. Nikasema hapana. Baadaye kidogo nikajisikia nasema kwamba ziko siku navuka barabara bila kutazama upande wa pili. Sijui ilitoka wapi. Hakushtuka, nilishtuka mimi. Aliuliza tangu lini, mara ngapi, Shamimu anakuwa wapi saa hizo. Tukaandika pamoja nitamwambia nani siku hiyo ikija na nitakwenda wapi. Karatasi ninayo mfukoni.

Nikaanza kueleza figo za Zuhura zilivyoanza. Nilikuwa nimefika kwenye kuvimba miguu, akatazama saa ndogo iliyo mezani akasema muda wetu umekwisha, tutaendelea Jumamosi. Nimekaa misiba mingi, wala sijawahi kuona mtu anayeomboleza anakatishwa na saa.

Mlangoni akaniambia nisishangae nikijisikia vibaya zaidi wiki za mwanzo. Nimelipa, tena nijisikie vibaya zaidi.

Jumatano, 12 Oktoba

Nimemwona Beatrice sokoni anachagua nyanya. Kanitazama, kapita. Hata habari za mchana hakuna. Nimerudi nimekasirika hadi nikafuturu bila hamu. Jumamosi siendi.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimekwenda, ili nimwambie kwamba siendi tena.

Aliuliza nini kilichonikera. Nikamwambia: hata adui husalimiwa. Akasema, "Sikusalimu mbele za watu kwa sababu mtu atakuuliza umenijuaje. Ukinisalimu wewe kwanza nitaitika, na wala sitauliza chochote."

Sijawahi kusikia mtu akimnyima mwenzake salamu kwa kumlinda. Lakini mimi naijua kazi hiyo. Najua nani hapa mjini anapata barua kutoka gerezani, na sijawahi kumwambia hata Zuhura.

Baadaye tulinyamaza. Nilingoja aseme ni kazi ya Mungu, nimwachie Mungu, nijikaze kiume. Watu wote wamesema hivyo tangu mwezi wa sita. Yeye hakusema. Muuza samaki alipita nje, akarudi. Nimelipia ule ukimya kama nilivyolipia maneno.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nilimpelekea Beatrice korosho, kilo mbili, za msimu huu, nimezikaanga mwenyewe uani. Amezikataa. Kwa adabu, lakini amezikataa. Anasema malipo yake yanatosha, tukianza zawadi nitaanza kuchunga nisimwudhi. Nimerudi nazo mkononi kama mtu aliyekataliwa posa.

Leo ameniomba nieleze siku yenyewe. Nikaeleza kama ninavyowaeleza wote. Kwamba nilikuwa kando ya kitanda. Kwamba nilimshika mkono. Kwamba alifumbua macho, akasema, "Mwambie mama nimeshamsamehe," akafumba.

Ikabidi nieleze kwa nini mama mkwe, Bi Somoe, alihitaji msamaha. Mwezi wa nne alikuja kutoka Kitaya kumchukua Zuhura akatibiwe na mganga ng'ambo ya mto. Zuhura akakataa. Bi Somoe akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akasema mbele ya majirani, "Basi hata ukifa usinitafute." Zuhura akafa hajamtafuta. Siku ya maziko Bi Somoe alikaa ameegemea ukuta, machoni hana chozi, anatetemeka kidevu tu. Ndipo nilipompelekea maneno yale. Tangu siku hiyo hajalitaja jambo hilo tena, nami nilijua nimemfaa.

Beatrice alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ulimshika mkono gani?"

Mimi ninayekumbuka chupa yake ya chai ilikuwa na ufa wapi. Ninayekumbuka kanga aliyojifunika ilikuwa imechanika pindo la chini. Sikuwa na mkono wa kutaja. Nikasema wa kulia. Nikasema hapana, wa kushoto. Akaandika kitu, au hakuandika. Sikuwa natazama upande wake.

Jumamosi, 29 Oktoba

Sikwenda. Nilisema naumwa kichwa.

Jumapili, 30 Oktoba

Kumbe ukikosa bila taarifa unalipa vilevile. Nimeisoma upya ile karatasi, imeandikwa, na sahihi ni yangu.

Jumamosi, 5 Novemba

Idi pili, Beatrice amepumzika. Bi Somoe ametuma mchele wa Kitaya kwa gari la korosho, na ndani ya kiroba kanga mpya ya Shamimu. Salamu hakutuma. Mwaka jana alituma salamu ndefu, dereva alizisahau nusu akawa anazitunga.

Alhamisi, 10 Novemba

Modesta ameniletea unga wa lishe na mayai sita. "Baba Shamimu, ule, jamani. Siku hizi dawa zipo, watu wanaishi." Akanishika bega kwa huruma kubwa. Nilisema asante kabla sijaelewa. Nilipoelewa alikuwa amekwisha vuka barabara.

Jumamosi, 12 Novemba

Nilichelewa, viatu vina tope la bomba lililopasuka. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Samahani, dada."

Ni neno la kila siku. Namwita hivyo muuza mchicha. Lakini lilivyotoka lilinikwama njiani, nikashika fremu ya mlango.

"Umepata nini?" aliuliza.

"Zuhura alimwita mama yake Dada."

Nikakaa. Nikaeleza. Bi Somoe alimzaa Zuhura ana miaka kumi na sita, akamwachia bibi yake Mikindani, akaenda kuolewa Kitaya. Nyumba nzima ya bibi walimwita Bi Somoe Dada, na mtoto akafuata. Hakubadilisha hata alipokuwa mtu mzima. Hata siku ya ugomvi alisema, "Dada, niache." Miaka tisa nimelisikia kila siku. Na nilipotaka kumtungia maneno ya mwisho, nikamtilia mdomoni neno langu mimi, mimi ndiye ninayemwita Bi Somoe mama.

Niliposema "kumtungia" nilijisikia. Beatrice naye alisikia. Hakunirukia.

"Bi Somoe alijua," nilisema. "Alijua siku ile ile kwamba ni uongo."

Na muda ukawa umekwisha. Wiki nzima nitakaa na hili.

Jumatano, 16 Novemba

Fredi, mwenzangu wa kaunta, amekuja kazini na kikombe chake mwenyewe. Miaka yote tunanywea vile vya ofisi. Alipokiweka mezani alikitazama chenyewe, hakunitazama mimi. "Hiki kimetoka kwa shemeji yangu," alisema, nami sikuwa nimeuliza.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimesema.

Sikuwepo. Nilikuwa kwa kinyozi. Asubuhi ile Zuhura aliniambia, "Nenda kanyoe, wauguzi watakosea wakupe wewe dawa." Nikaenda. Palikuwa na foleni. Nikanyolewa, nikalipa, nikainuka, kisha nikakaa tena. Nilikaa kwa sababu palikuwa na watu wanacheka. Wiki tatu nilikuwa wodini sijasikia mtu anacheka. Nilikaa nusu ya asubuhi. Niliporudi kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jingine. Nilisimama pale nanuka spiriti na poda.

Muuguzi alisema alilala tu. Alilala ubavu, mkono chini ya shavu, hakuita mtu.

Wakanisifu msibani. Walisema tazameni heshima ya mkwe, ameshanyoa hata kabla ya maziko. Tangu siku ile sijakigusa kichwa changu.

Nilimaliza nikangoja. Nilijiandaa kwa mawili, anilaumu au aseme si kosa langu. Hakusema lolote kati ya hayo. Aliuliza, "Mlikuwa mnacheka nini?"

Hakuna mtu duniani angeniuliza hivyo. Nikamweleza: mzee mmoja mbuzi wake alikula shahada yake ya kupigia kura, akawa anauliza mbuzi atapangiwa kituo gani. Nikafika kwenye kituo nikacheka, kweli nikacheka, na kicheko kikageuka katikati. Nililia mpaka saa ikafika. Alikuwa na kitambaa cha karatasi tayari. Sikuwa nimelia tangu mwezi wa sita.

Jumatatu, 21 Novemba

Salumu, kaka yake Zuhura, amekuja kutoka Kitaya. Hakukaa. Alisimama uani na kofia mkononi.

"Shemeji, mama amesikia unakwenda ushauri nasaha."

"Nakwenda kwa ajili ya msiba."

"Msiba tulishaumaliza, arobaini tulisoma."

"Salumu, Zuhura alikuwa na figo. Cheti ninacho."

"Sijakataa. Ila mama anasema shule ikifungwa anakuja kumchukua mtoto. Umpe na uhamisho wake." Akapangusa kofia isiyo na vumbi. "Na mimi ndiye mjomba. Wajua kwetu mtoto ni wa upande wa mama."

"Nikapime nikuonyeshe karatasi?"

"Karatasi zinapatikana, shemeji."

Alikuwa na aibu. Salumu ni mtu mwema. Hilo ndilo lililonitisha.

Shamimu alikuwa nyuma ya mlango. "Baba, Kitaya kuna viboko. Hao wa mtoni."

Alhamisi, 24 Novemba

Nimepima. Sina. Nimemwonyesha Modesta, akasema alhamdulillahi kwa hisani, ingawa ni Mkristo, akaniletea mayai mengine.

Jumamosi, 26 Novemba

Nimemwuliza Beatrice wazi: nikiacha kuja hapa, maneno yatakoma na mtoto nitabaki naye. Niache?

Anasema uamuzi ni wangu.

Nilikaribia kugombana naye. Mwezi wa pili huu, sijapewa nasaha hata moja na mshauri nasaha. Nikamwambia hivyo. Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akauliza, "Bi Somoe akija, unaogopa atasikia nini? Lile wanalosema watu, au lile uliloniambia wiki iliyopita?"

Nimerudi kwa miguu hadi Likombe. Mawingu yametanda upande wa kusini, mvua haijashuka.

Alhamisi, 1 Desemba

Mvua ya kwanza. Bi Somoe ameteremka nayo kwenye lori, kanga imelowa, mkononi sanduku tupu la bati. Sanduku tupu ndilo lililosema yote.

Leo ni siku ya UKIMWI duniani. Gari la matangazo limezunguka Likombe nzima na kipaza sauti, kapimeni, pateni ushauri nasaha. Lilipofika mbele ya nyumba yetu likakwama kwenye tope, likatangaza hapo hapo muda mrefu, vijana wanasukuma. Bi Somoe ndani, mimi kibarazani.

Jumamosi, 3 Desemba

Nilipofika Shangani nilisikia sauti ya Bi Somoe kabla sijafika langoni. Alikuwa ametangulia, kaulizia njia hadi kafika.

"Wewe ndiwe unayemtibu mkwe wangu?"

Beatrice alikuwa amesimama mlangoni. "Karibu, mama. Samahani sana, siwezi kukwambia kama ninamfahamu mtu yeyote au simfahamu."

"Humfahamu? Hashimu, wa posta! Anakuja hapa kila Jumamosi, mji mzima unajua!"

"Siwezi kusema, mama."

"Mnh! Ana nini?"

"Siwezi kusema."

"Sema basi hana!"

"Hilo pia siwezi."

Bi Somoe akapiga makofi mara moja, akageuka, akaniona. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe alinitazama machoni. "Ni kubwa hivyo?" alisema. "Mpaka daktari wako anaogopa kulitaja?"

Akaondoka. Beatrice na mimi tukabaki. Alisema ameona ilivyoniumiza, lakini angesema neno moja tu kwa ajili yangu, kesho angeweza kusema jingine dhidi yangu. Mlango wa kusema ni wangu peke yangu. Nikamwambia leo sikai, nikamfuata mkwe wangu. Sikumwona njiani.

Jumapili, 4 Desemba

Nataka niandike yote kabla sijaanza kuyatengeneza.

Asubuhi mvua. Shamimu nilimpeleka kwa Modesta. Bi Somoe alikuwa ndani, mkekani, anakunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye sanduku. Pazia la mlango lilikuwa limefungwa fundo juu. Nikakaa kibarazani, mgongo mlangoni, natazama barabara. Nikagundua nimekaa mshazari, kama kule.

"Mama."

"Nakusikia."

"Zuhura hakusema maneno yale."

Nilisikia nguo zinaacha kukunjwa.

"Najua," alisema. "Zuhura hajapata kuniita mama tangu ajue kusema."

"Basi kwa nini ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Nilijua kasema jingine. Kasema baya, wewe ukalificha, ukanipa hilo unipoze." Sauti yake ilikuwa kavu. "Miezi sita nalitafuta ni neno gani. Nikipepeta mchele nalitafuta. Nikiwa mtoni nalitafuta. Kanilaani? Kasema nisimguse mwanawe? Nikasema nimchukue huyu mtoto kabla hajaja mtu kumwambia bibi yake aliachiwa neno gani. Huo ugonjwa wako ni sababu ya kusema mbele za watu."

Nilikaa pale, maji yanachuruzika kutoka kwenye bati. Nilidhani nilimpa dawa. Kumbe nusu ya mwaka nimemwachia mwiba, tena nikajisifu.

"Mama, hakusema lolote. Na kama alisema, sikulisikia. Sikuwepo."

Nikaeleza. Kinyozi, foleni, kukaa tena, kicheko. Hata mbuzi nilimweleza. Sikugeuka. Sasa najua kwa nini vile viti havitazamani. Kuna maneno yasingetoka kama ningeuona uso wake.

Nilimaliza. Nilitegemea kusikia sanduku linafungwa.

"Kwa hiyo hakuna neno?"

"Hakuna. Alilala ubavu, mkono chini ya shavu. Muuguzi alisema hakuita mtu."

"Hakuna neno." Akavuta pumzi, kisha, polepole: "Alhamdulillahi." Mara tatu. Kisha sauti ikabadilika. "Na wewe uko kwa kinyozi."

"Niko kwa kinyozi."

"Ningejua siku ile, ningekufukuza mazikoni."

"Ndiyo, mama."

"Nani alikutuma kunyoa?"

"Yeye."

"Kasemaje? Sema kama alivyosema. Usinitengenezee."

"Kasema: 'Nenda kanyoe, wauguzi watakosea wakupe wewe dawa.'"

Nikasikia sauti ndani, nikadhani kilio kimeanza. Alikuwa anacheka. "Huyo! Huyo ndiye mwanangu! Ulimi ule!" Akacheka hadi akakohoa, na baada ya hapo akalia, nami nikalia kibarazani, mpita njia mmoja na mwavuli akaharakisha miguu.

Baadaye aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Na mimi? Siku zile hakunitaja hata kidogo?"

Nilitaka kumpa kitu. Mdomo ulishaanza kufunguka na kitu kizuri. Nikaufunga. Nikatafuta kweli, kama ninavyotafuta barua iliyoanguka nyuma ya kabati, na ikaja ile iliyokuwa ikinipotea tangu siku ya kwanza ya mfungo.

"Siku mbili kabla," nilisema. "Wagonjwa waliletewa uji wodini. Akauonja, akasema, 'Uji huu kama wa Dada, una mabonge.'"

"Kisha?"

"Akaumaliza wote."

"Wote?"

"Wote, mama. Akakwangua hata kikombe."

Mvua ilipopungua alitoka, akapita kando yangu bila kunitazama, kama inavyotakiwa, akaenda kwa Modesta kumchukua mjukuu wake.

Jumatatu, 5 Desemba

Salumu amekuja kuwachukua. Amekuta sanduku liko wazi na nguo zimerudi kwenye kamba. Mama yake akamwambia kutoka ndani, "Mnyoe huyo shemeji yako. Msiba haujaisha bado, ulikuwa haujaanza."

Amekaa nyuma ya pazia akisimamia kwa maneno. "Usimkate. Nyuma ya sikio, Salumu, nyuma ya sikio umeacha!"

"Mama, humuoni, umejuaje?"

"Najua unavyonyoa."

Shamimu ameokota nywele akaniuliza kama nazo zinasahihishwa.

Jumamosi, 10 Desemba

Bango la Beatrice limepakwa upya. Sasa limeandikwa MAZUNGUMZO. KWA MIADI. Fredi anasema kumbe mama yule anafundisha Kiingereza, na amerudi kwenye vikombe vya ofisi.

Nimemweleza Beatrice yote. Alisikiliza, akauliza nini kigumu sasa. Nikasema, barabara natazama pande zote mbili, lakini jioni saa ya kukuna nazi bado inaniangusha. Akasema basi tutaanzia hapo Jumamosi. Nilidhani tumemaliza. Kumbe tulikuwa tunafika mlangoni.

Jumatatu, 12 Desemba

Bi Somoe ameondoka asubuhi na Salumu, na sanduku tupu. Shamimu atakwenda Kitaya wiki mbili za likizo, ameahidiwa hatapelekwa mtoni, kisha atarudi kwangu. Amewaambia wote tarehe ya kurudi, hata dereva.

Kabla ya kuondoka Bi Somoe aliamka mapema akatukorogea uji, akauacha jikoni umefunikwa. Una mabonge makubwa. Tumekaa mkekani mimi na mtoto, tumeumaliza wote.